Siku Wingu la Wadudu Liliposhuka Busisi

Paskazia Ndalahwa alizaliwa Usagara, pale barabara zinapoachana, moja ikishika njia ya Shinyanga na nyingine ikiteremka kwenda kwenye pantoni ya Kigongo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuduwaa. Akipewa ndama awachunge, jioni ndama walirudi nyumbani peke yao, na yeye akafuata nyuma baadaye, macho yamejaa mawingu. "Huyu binti mguu mmoja uko hapa, wa pili sijui kauweka wapi," baba yake, mzee Ndalahwa, alizoea kusema, tena bila hasira, maana naye hakuwa mbali na tabia hiyo.

Kilichomshusha duniani ni mguu wa kaka yake Ngosha. Walikuwa machungani wote wawili, Ngosha akakanyaga nyoka, kifutu, kwenye majani makavu, akaumwa kisigino. Watu walikuja mbio kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo wakamfunga kamba ya mkonge juu ya kifundo, wakaikaza kweli kweli ili sumu isipande. Kamba ikabaki hapo mchana kutwa, juu ya baiskeli na juu ya mkokoteni, mpaka hospitali ya misheni. Sumu haikumuua Ngosha, ila mguu ulikuwa umeshakufa kwa kukosa damu, na ukakatwa chini ya goti. Ngosha alipona, akaoa, akawa fundi baiskeli mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa. Paskazia hakumlaumu mtu. Alichobaki nacho ni wazo moja tu lililomkaa kama kokoto kwenye kiatu: kwamba kumpenda mtu hakutoshi, na mikono nayo inatakiwa ifundishwe.

Akasomea ualimu. Chuoni walipita watu wa Msalaba Mwekundu wakaendesha mafunzo ya huduma ya kwanza, na wenzake wengi walihudhuria kwa ajili ya soda ya mwisho wa kozi. Paskazia alihudhuria kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alijifunza kufunga mfupa uliovunjika bila kuunyoosha, kupoza mtoto aliyezidiwa na jua, kumlaza ubavu mtu aliyetapika maji. Kuhusu nyoka alifundishwa kwamba mguu haukazwi kamba wala haukatwi wembe. Mtu analazwa, anatulizwa, mguu unafungwa kwenye kijiti usitikisike, kisha anabebwa kwenda hospitali kama mtu anayebeba mayai. Siku hiyo alitoka nje ya darasa akasimama nyuma ya jengo, akalia kidogo, akajifuta uso kwa khanga, akarudi ndani.

Akapangiwa shule ya msingi upande wa Mkuyuni, Mwanza mjini, na miaka ya mabadiliko ikamkuta hapo. Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilifunguliwa mlango kwa pamoja. Mitumba ilimwagika sokoni, maduka yakajaa redio na sabuni zenye harufu za matunda yasiyojulikana, na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wake, Masele, kikapunguza watu. Masele alirudi nyumbani na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kwenye kiti cha ukumbini kama mgeni. Baada ya majuma kadhaa aliinuka akaanza kuuza mashati ya mitumba, na jioni yeye ndiye aliyesonga ugali, kwa sababu mkewe alikuwa na rundo la madaftari la kusahihisha.

Darasa la Paskazia lilifurika. Watoto walikaa hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Na yeye, kila akiwatazama, aliona wanaishi kando ya ziwa bila kuliona. Waliliona kila siku kama mtu anavyoona ukuta wa jirani. Hawakujua kwa nini mjusi wa kwenye majabali ana kichwa chekundu asubuhi na cha kahawia kukiwa na baridi, wala mahali fisi maji, yule mnyama mla samaki, anapoota jua. Basi akaanza kuwatoa Jumamosi, wachache wachache, wale ambao wazazi wao waliridhia.

Walimu wenzake walimcheka. Jumamosi ilikuwa siku ya twisheni, siku ambayo mwalimu anapata cha kuongezea mshahara. "Mwenzetu anawapeleka watoto kuangalia mijusi," walisema. Paskazia alicheka nao.

Lakini mtu yule aliyekuwa akipoteza ndama, akiwa na watoto nje alikuwa mtu mwingine. Aliwapanga wawili wawili, kila mtoto na pacha wake, na mara kwa mara alisema, "Pacha wako yuko wapi?" nao wakashikana mikono na kuinua juu. Waliofika bila viatu aliwarudisha nyumbani. Mbele ya msafara alitangulia yeye na fimbo ndefu, akipigapiga majani ili chochote kilicholala mle kijue kwamba watu wanapita na kijiondokee kwa heshima. Ziwani hawakuingia, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu ya mamba. Na kila walipofika mahali papya aliwakalisha chini akawaambia yaleyale:

"Ukipotea, usinitafute. Kaa. Kaa palepale ulipo, pembeni ya jiwe au mti, ulie ukitaka. Mimi ndiye nitakayekutafuta."

"Na wewe ukipotea, Mwalimu?" mmoja aliuliza siku moja.

"Mimi siachi kundi," alijibu. "Mtu ambaye haachi kundi hawezi kupotea."

Kikapu chake kilikuwa na maji yaliyochemshwa, sabuni, mkasi, pini, sukari na chumvi, na vitambaa vya pembetatu. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyomkutanisha na Jyotsna.

Jyotsna alikuwa mkwe wa mzee Shantilal, mwenye duka la vitambaa pale Makoroboi, duka lililokuwepo tangu mababu. Siku hizi wateja walipita mlangoni wakielekea kwenye mitumba, na Jyotsna alikuwa na muda wa kuangalia watu. Alimwona mwalimu mmoja mwembamba akija kila mara kuomba mabaki ya kitambaa cha marekani, na kila mara akiomba yakatwe pembetatu.

"Unashona nini na pembetatu hizi, Mwalimu?"

"Sishoni, Mama Krupa. Nawafunga watoto."

Jyotsna akaweka mkasi chini. "Unawafunga watoto?"

"Mikono yao. Wakianguka."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka mzee Shantilal akainua macho kutoka kwenye gazeti. Kuanzia hapo Paskazia alikaribishwa chai ya iliki nyuma ya kaunta, na msichana wa Jyotsna, Krupa, akaanza kusikiliza habari zake za fisi maji akiwa ameegemea robota la kitambaa, mdomo wazi. Alikuwa rika la Rebeka, binti wa Paskazia. Haikuchukua muda Krupa akataka kwenda. Babu yake alitikisa kichwa siku nyingi. Mwishowe alikubali kwa masharti: mama yake aende naye, na waende kwa pikapu ya duka, na dereva awe Shimba, mtu mzima mwenye akili zake.

Hivyo ndivyo walivyopata gari, na kwa kuwa wamepata gari, Paskazia akathubutu jambo alilolitamani muda mrefu. Aliwapeleka ng'ambo.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza kwa wengi waliokuwa hai. Bendera za rangi zote zilipepea kwenye miti ya mabanda ya chai pale Kigongo. Pantoni ilikuja polepole ikisukuma magugu maji, yale mapya yaliyokuwa yakiingia ziwani kama zulia la kijani lenye maua ya zambarau, mazuri kwa macho na balaa kwa wavuvi. Watoto walisimama kwenye ukingo wa chuma. Wengi hawakuwa wamevuka maji maishani mwao. Nchi waliyoizoea ilirudi nyuma, ikawa ndogo, ikawa ya buluu, na Rebeka akamshika mama yake mkono akauliza kama kule ng'ambo watu nao wakitazama huku wanaona ng'ambo.

"Ndiyo," Paskazia alisema. "Sisi ndio ng'ambo yao."

Jyotsna alikaa na mtandio wake umefungwa chini ya kidevu kwa ajili ya upepo, akitabasamu peke yake. Alikiri baadaye kwamba tangu aolewe hakuwa amekwenda mahali ambapo hakuna duka.

Shimba aliegesha pikapu kwenye kivuli kando ya barabara ya Busisi, wao wakapanda mawe. Majabali ya upande ule yamekaa moja juu ya jingine kama vyungu vilivyoanikwa, na kati yao kuna njia nyembamba za nyasi na nyufa za kina. Walimkuta mjusi wa kichwa chekundu akipiga pushapu zake. Walikuta jiwe moja bapa, limelalia mawe mengine madogo, na mtoto mmoja mtundu, Mihayo, alipoligonga kwa kokoto lililia. Lililia hasa, kama kengele ya kanisa iliyofunikwa blanketi. Watoto wote wakataka kuligonga. Paskazia aliweka sikio juu yake akafumba macho, na kwa kitambo hicho alikuwa tena yule binti wa Usagara ambaye ndama wamemkimbia.

Walikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga juu zaidi, kwenye uwanda mdogo wenye mti wa kivuli. Ndipo Krupa aliponyoosha kidole ziwani.

"Mwalimu, maji yanaungua."

Kutoka katikati ya maji ulikuwa umesimama moshi. Nguzo ya kahawia, ndefu, yenye kiuno chembamba, ikijipindapinda taratibu. Pembeni yake ilisimama ya pili. Hakukuwa na moto chini yake, wala chombo, wala sauti.

"Siyo moshi," Paskazia alisema. "Ni wadudu wa ziwani. Wanazaliwa chini kwenye tope, wanapanda juu wote kwa pamoja siku mwezi unapokuwa mchanga, wanacheza, wanakufa. Hawaumi."

Watoto walitazama nguzo zile zikitembea juu ya maji. Zilikuwa nzuri kupita kiasi, na labda uzuri huo ndio uliomchelewesha Paskazia, kwa sababu alipohisi upepo umegeuka na kumpiga usoni, nguzo ya kwanza ilikuwa tayari imefika ufukweni, imeinama, imekuwa ukuta.

"Njooni! Njooni kwangu, kaeni chini, migongo nje! Funikeni pua na mdomo!"

Wakakaa duara, khanga na vitenge vikatandazwa juu ya vichwa, na wingu likawashukia. Mchana ukawa rangi ya chai. Wadudu wadogo kuliko mbu, laini kama majivu, waliingia masikioni na nyweleni, na sauti yao ilikuwa moja tu, wimbo mwembamba usio na mwanzo wala mwisho, kama mtu anayeimba kwa mbali akiwa amefunga mdomo. Mti uliokuwa hatua chache ukatoweka. Jiwe walilolikalia lilikuwa kisiwa.

"Pacha wako yuko wapi?" Paskazia aliita kupitia kitambaa.

Mikono ikainuka wawili wawili kwenye utusitusi ule. Mkono mmoja uliinuka peke yake. Ulikuwa wa Krupa.

"Rebeka yuko wapi?"

"Amerudi kuchukua kidumu cha maji," Krupa alisema. "Tulikisahau kwenye jiwe linalolia. Aliniambia nimsubiri, anakuja sasa hivi."

Na kama vile neno hilo lilikuwa linasubiriwa, kutoka chini upande wa ziwa ikaja sauti ya mtoto ikiita mara moja, "Mama!" Ikafuata sauti ya kitu kuporomoka. Kisha wimbo wa wadudu ukafunika kila kitu.

Paskazia alikuwa ameshasimama.

"Nenda, Mwalimu!" Jyotsna alisema. "Nenda! Ni mwanao!"

Akapiga hatua. Na alipopiga hatua, watoto wote walisimama. Hawakuambiwa, walisimama kama ndama wanavyosimama mmoja wao akiinuka. Mkono mdogo ukamshika sketi kwa nyuma, mwingine ukamshika wa kwanza. Akageuka akaona vichwa vilivyofunikwa khanga vikiyumba kumwelekea, na kila upande wa vichwa hivyo, pale ambapo macho hayakufika, alijua kuna kingo za mawe na nyufa. Jyotsna hakupajua mahali pale. Akibaki nao peke yake, nani angewazuia watoto wasimfuate mwalimu wao? Akienda yeye Jyotsna, watakuwa wawili wa kutafutwa.

Paskazia akakaa chini.

Katika maisha yake aliwahi kubeba mengi, na watu waliomfahamu wanaweza kuyataja: kumzika mama yake, miaka ya mumewe kukosa kazi, uzazi mmoja uliopotea. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema hakuna lililokuwa zito kama kuyashusha magoti yale mpaka yaguse jiwe. Watoto nao wakakaa. Akawavuta karibu, akawaambia washikane mikono na wasiachie hata pua ikiwasha, akatoa filimbi shingoni, akapuliza mara tatu. Akanyamaza, akasikiliza. Akapuliza tena.

Jyotsna alikuwa akimtazama kwa macho makubwa juu ya mtandio. Akajisogeza, akafungua mikono yake miwili na mtandio wote, akakusanya chini yake watoto wengi kadiri alivyoweza.

Muda ndani ya wingu lile haukuwa na kipimo. Paskazia alipuliza na kusikiliza, na katikati ya kupuliza na kusikiliza akili yake ilielea. Aliona nyumba ya Usagara na maziwa yakitikiswa kwenye kibuyu. Alimwona Ngosha akiwa na miguu yote miwili akikimbia juu ya maji bila kuzama. Alimwona Rebeka mchanga, siku aliyozaliwa, rangi yake kama udongo uliolowa, kabla hajalia. Ule ukimya mfupi ambao mama husubiri uishe. Ndio ukimya aliokuwa anausikiliza sasa. Alipuliza filimbi. Alisubiri.

Ndipo likalia.

Kwanza alifikiri ni masikio yake. Mlio mmoja, wa ndani, mtamu, kama kengele iliyofunikwa. Ukanyamaza. Ukaja tena, mara tatu, kwa mpangilio.

"Jiwe," Mihayo alinong'ona kutoka chini ya khanga. "Mwalimu, ni lile jiwe."

Paskazia akapuliza tatu. Jiwe likajibu tatu. Akapuliza moja ndefu. Jiwe likalia moja, likasubiri. Machozi yalimtoka yakachanganyika na wadudu mashavuni, wala hakujifuta. Waliendelea hivyo, mama na mtoto, wakizungumza kwa lugha ambayo hawakuwahi kufundishana, na watoto duarani wakawa wanasikiliza zamu ya kila mmoja kama watu wanaosikiliza hadithi.

Shimba aliifuata filimbi kutoka barabarani. Alitokea kwenye utusitusi akiwa na gunia kichwani, anakohoa, na nyuma yake upepo ulikuwa umeanza kuhama. Rangi ya chai ikapauka. Mti ukarudi mahali pake.

"Kaa nao, Baba Shimba," Paskazia alisema. "Wewe na Mama Krupa. Asisimame hata mmoja." Akachukua kikapu, akashuka.

Rebeka alikuwa kwenye ufa wa mawe, kando kabisa ya lile jiwe bapa, mwili wote umefunikwa wadudu waliokufa kiasi cha kuonekana kama mtoto wa udongo. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda katikati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo mkono haupindi. Kwa mkono wa kulia alishika kokoto, na alikuwa bado anagonga. Alimwona mama yake, akaendelea kugonga.

"Basi, mwanangu. Nimefika. Usiinuke."

Alitaka kumkumbatia. Mikono ilikataa, mikono ilikuwa imefundishwa. Ilipita shingoni, kichwani, mgongoni, ikauliza hapa panauma, na hapa je. Ilimwambia achezeshe vidole vya miguu. Ilitafuta damu ikakuta mikwaruzo tu. Mkono uliovunjika haikuunyoosha. Iliuacha ulivyo, ikautegemeza kwa vijiti viwili alivyovizungushia kitenge viwe laini, ikafunga juu ya jeraha na chini yake, ikaacha penyewe bila kukazwa. Kitambaa cha pembetatu kikapita shingoni kikaubeba mkono kifuani. Akabonyeza kucha moja ya Rebeka, akatazama weupe ukirudi kuwa wekundu. Damu ilikuwa inapita. Wakati huo ndipo alipofunga kikapu, akamwinua taratibu, wakapanda kuwafuata wengine.

Pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili walipofika. Waliisubiri kwenye kivuli cha banda, magugu maji yakipumua juu na chini ufukweni. Jyotsna aliwanawisha watoto nyuso mmoja mmoja. Mtu mmoja wa pale alileta chai kwa ajili ya mgonjwa, Paskazia akamshukuru akaikataa, kwa kuwa huenda daktari angehitaji kumlaza usingizi, na mtoto hatakiwi kuongezewa kitu tumboni. Alimlowesha midomo tu.

Katikati ya maji Rebeka alisema, bila kumtazama:

"Nilikuita."

"Nilikusikia."

"Mbona hukuja?"

Chuma cha pantoni kilinguruma chini yao. Paskazia alifikiri maneno mengi yaliyo sahihi, na yote yalikuwa madogo.

"Nilikuwa na wengine," alisema.

Rebeka aligeuza uso kwenye maji, akabaki hivyo hadi Kigongo.

Hospitalini mfupa ulirudishwa, mkono ukafungwa plasta ngumu nyeupe. Daktari alisema umefungwa vizuri njiani, neno ambalo siku nyingine lingemfurahisha Paskazia juma zima. Masele aliposikia habari yote alikaa kwenye kile kiti cha ukumbini.

"Mimi ningekwenda," alisema.

"Najua."

"Ningekwenda, na wangenifuata wote." Akajipangusa uso kwa viganja. "Lakini ningekwenda tu, Mama Rebeka. Nakwambia ukweli."

"Najua," Paskazia alisema tena, na akampenda kwa kusema hivyo.

Habari ikazunguka Mkuyuni na Makoroboi, na kila mtu akaisema kwa namna yake. Wako waliosema yule mwalimu ana roho ya jiwe, mtoto wake analia yeye anapiga filimbi. Wazazi wengine waliwatoa watoto wao. Mzee Shantilal alisema basi, pikapu haitoki tena. Jyotsna alikuja nyumbani kwa Paskazia na sufuria la wali wa manjano limefunikwa kitambaa, akaketi kwenye mkeka, hakuweza kula.

"Nilikwambia uende," alisema. "Kila nikilala nasikia sauti yangu inakwambia uende. Na Krupa alikuwa ameshika sketi yako. Yule aliyekushika sketi, Mwalimu, alikuwa Krupa."

Paskazia hakuwa amejua. Alimshika mkono, na wakakaa hivyo, wanawake wawili, wali ukipoa.

Ila Rebeka hakuwa na maneno. Alimsalimia mama yake asubuhi, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba," akaenda zake. Hakuwa na kisirani. Alikuwa kama mtu anayekaa chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo. Paskazia hakumsukuma. Alikumbuka jinsi baba yake alivyomwacha yeye arudi machungani kwa wakati wake.

Plasta ilipotolewa, mkono ulitoka mwembamba na umepauka kama mche uliokua gizani. Muuguzi aliagiza unyooshwe na kukandwa. Basi kila jioni, jua likielekea kushuka nyuma ya vilima vya ng'ambo na ziwa likigeuka rangi ya embe, mama na binti walikaa uani na beseni la maji ya uvuguvugu. Paskazia aliukanda mkono ule kwa mafuta, taratibu, akitazama mbali, akiota.

Jioni mojawapo Rebeka akasema, "Kule ndani kulikuwa kuzuri."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya wingu. Mwanzoni niliogopa. Halafu nikaona mwanga unapita kama kwenye chupa ya asali. Mjusi alikuja akakaa karibu na mguu wangu, naye alikuwa amejaa wadudu, akawa anawala tu, hana haraka." Alikunja na kukunjua vidole. "Nilijua umekaa."

Mikono ya Paskazia ikasimama. "Ulijuaje?"

"Filimbi. Ilikuwa inatoka mahali pamoja. Kila ikilia, palepale. Ingekuwa inahamahama ningeona na wewe umepotea, ningeinuka nikufuate. Kumbe ilikuwa haihami. Nikasema, mama yupo pale. Ndipo nikaanza kugonga."

 Paskazia aliinama juu ya beseni, akauosha mkono ule upya, ingawa ulikuwa safi.

"Lakini nilikasirika," Rebeka alisema.

"Ulikuwa na haki."

"Bado kidogo nimekasirika."

"Hata hivyo una haki."

Rebeka akaegemea bega la mama yake, mzito na wa moto kama mkate uliotoka kwenye oveni, na Masele, aliyekuwa anasonga ugali ndani, akaona kivuli chao kupitia mlangoni kimekuwa kimoja, akapunguza sauti ya redio.

Matembezi ya Jumamosi yalianza tena mvua za vuli zilipopita, na kundi dogo kuliko la zamani, kwenye mawe ya karibu upande wa Nyegezi. Siku ya upepo usioeleweka Paskazia aliahirisha, na hakujali nani amenung'unika. Krupa alirudi kabla babu yake hajaruhusu rasmi; Jyotsna alikuja naye, na kwa sasa ndiye aliyekata pembetatu mwenyewe na kuzipiga pindo. Kwenye baraza la duka la Makoroboi, wanunuzi wakiwa wachache, aliwafundisha wasichana wa jirani kufunga mkono kwa kitambaa, akicheka kila walipomfunga yeye.

Rebeka hakurudi kwenye matembezi. Alisema hayapendi tena mawe, na mama yake aliliheshimu hilo. Alichokipenda kilikuwa pantoni. Basi ilikuwa ada yao, shule zikifungwa, kushuka Kigongo wawili tu, kupanda pamoja na ng'ombe na baiskeli na wanawake wa dagaa, kuvuka hadi Busisi, na kutoshuka. Walibaki wamesimama ukingoni hadi pantoni ikageuza, wakitazama nchi moja ikiwa ya buluu na nyingine ikirudi kuwa ya kijani, bila kusema mengi, na watu wa pantoni walikwishawazoea, wala hawakuwauliza wanakwenda wapi.